Fildi ya mambo ya fedha ukiwa bado sekondari: mwongozo kamili kwa walioko Dodoma na mikoa jirani

Mbukwenyi wadogo zangu. Kila ikifika Desemba simu yangu inajaa meseji za aina moja, "shikamoo kaka, nimemaliza form four, napenda mambo ya fedha, naomba unitafutie fildi benki". Mi sina benki. Mi natunza vitabu vya wafanyabiashara hapa mjini, ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri upande wa Majengo, bosi wetu ni mama mmoja mwenye CPA yake, cheti cha juu cha uhasibu, basi. Ila kwenye hivyo vyumba viwili tumeshapokea watoto wa shule zaidi ya mara moja na tumekataa wengi zaidi, kwa hiyo najua kidogo nini kinamfanya mmoja akae na mwingine aambiwe "acha barua tutakupigia". Naandika yote hapa mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii.

Kwanza nikutoe tongotongo. Zile intanshipu za benki unazoziona zimetangazwa karibu zote zinataka mtu aliyemaliza chuo au anayekaribia kumaliza, na zile za serikali zinazopitia huduma zake za ajira ni za wahitimu. Wewe wa sekondari haumo, na sio kwamba huna akili, ni kwamba ofisi inayoshika amana za watu haiwezi kumkalisha mbele ya mfumo wake kijana wa miaka 17 ambaye hata kitambulisho cha NIDA umri haujamruhusu kukiomba. Kuna wanaoingia ndio, mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, wapo, usipoteze miezi yako kununa kwa ajili yao. Halafu zile video za vijana wa Marekani wanaosema tuma imeili 200 kwa kampuni ndogo za uwekezaji utajibiwa na tano, kwao zinafanya kazi kwa sababu hizo kampuni zimejaa na kila moja ina mtu anayesoma imeili. Hapa kwetu imeili ya ofisi nyingi imeandikwa kwenye kibao cha nje na aliyekuwa anajua pasiwedi alihama.

Sasa fedha za Dodoma ziko wapi? Ziko kwenye SACCOS, vyama vya kuweka na kukopa, za walimu na watumishi, ziko kwenye AMCOS, vyama vya ushirika, za wakulima wa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi na za alizeti ukielekea Singida, ziko kwa wanunuzi wa mahindi Kibaigwa, kwenye ofisi ndogo za uhasibu na ushauri wa kodi kama yetu, kwa mhasibu wa shule binafsi, kwa mtunza hazina wa parokia au msikiti, kwa mfanyabiashara wa jumla mwenye maduka matatu na mhasibu mmoja aliyelemewa na makaratasi, kwa wakala mkubwa wa pesa za simu. Huko ndiko mtoto wa sekondari anapokelewa, na nikwambie ukweli unajifunza kuliko huko benki ambako ungekaa mapokezi unaelekeza watu foleni.

Na usiite intanshipu ukifika. Sema "naomba kujifunza kazi" au "naomba kujitolea", mzee wa SACCOS atakuelewa mara moja. Ukisema intanshipu atafikiri unataka posho.

HATUA YA KWANZA: pima muda wako, halafu pima na wa kwao

Kama umemaliza form four Novemba, matokeo yanatoka Januari na form five wanaripoti Julai, una karibu miezi saba mkononi na hii ndo nafasi nzuri kuliko zote utakayopata hadi umalize chuo. Form six mtihani ni Mei halafu wengi mnaitwa JKT, kwa hiyo hesabu yako ni baada ya kutoka kambini mpaka chuo kifunguliwe, miezi miwili hivi. Kama bado unasoma una likizo ya Juni na ya Desemba, wiki tatu nne, inatosha kwa kitu kidogo.

Hilo la upande wako watu wanalijua. La upande wa pili hakuna anayewaambia. Mhasibu ana kalenda yake na ukimfuata siku mbaya hata ungekuwa na akili ya kompyuta atakufukuza. Tarehe 7 ya kila mwezi ndo mwisho wa kulipa PAYE, kodi ya mishahara, ya mwezi uliopita. Tarehe 20 ndo mwisho wa ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne, na kwa anayefunga mwaka Desemba awamu zinaishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Serikali na halmashauri wanafunga mwaka wao tarehe 30 Juni. Ukienda ofisi kama yetu tarehe 18 au 19 unakuta watu macho mekundu, risiti zimetapakaa mpaka sakafuni, mfumo wa TRA unasumbua kwa sababu nchi nzima imeingia siku hiyohiyo, wewe unatabasamu na bahasha. Nenda kati ya tarehe 9 na 14, au tarehe 22 hadi 27. Halmashauri usiguse kabisa mwezi wa sita.

Jambo la umri pia, liseme mapema kabla hawajaliuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia 14 inaruhusu kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala kukuvurugia masomo. Kupanga vocha (karatasi za malipo, sio za simu) na kuingiza mahesabu ni kazi nyepesi, kwa hiyo ukiwa na 16 au 17 hakuna ubaya, ila mzazi aandike barua fupi ya kuridhia, mistari mitatu na sahihi. Bosi akiiona anapumua.

HATUA YA PILI: nenda na daftari

Hapa ndo nataka nikae maana hapa ndo mchezo wote ulipo.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa Nkuhungu, kamaliza form four, kavaa sketi ya shule ileile ila kaipasi vizuri. "Shikamoo kaka, naomba dakika tano za bosi." Nikamwambia bosi ana mgeni, akasema nasubiri, akakaa kwenye benchi lisaa lizima bila kushika simu. Alipoingia hakutoa barua kwanza, alitoa daftari la mistari la kurasa 96. Humo alikuwa ameandika hesabu za genge la mama yake kwa wiki sita, nyanya zimenunuliwa kiasi gani, zimeoza kiasi gani, nani kakopa dagaa, nani kalipa, ushuru, nauli ya guta. Wiki ya nne kulikuwa na duara la kalamu nyekundu, limezungushia 3,500, pembeni kaandika "hii sijui imeenda wapi, nimemuuliza mama naye hajui". Bosi wetu alisoma pale akacheka, akalifunga daftari, akasema aje Jumatatu.

Baadaye nilimuuliza bosi kwa nini hakusoma hata cheti. Akaniambia yule kaona elfu tatu mia tano haipo akaizungushia nyekundu, mtu mwingine angeigawa kidogo kwenye nyanya kidogo kwenye nauli hesabu ikakaa sawa. Kuna watu wazima wenye digrii tumeachana nao kwa sababu ya kuzikalisha sawa.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani tafuta biashara yoyote iliyo karibu na wewe, genge, saluni, banda la chipsi, bodaboda ya mjomba, kuku wa bibi, omba ruhusa, andika kila siku kwa wiki nne angalau. Usiseme kwetu hakuna biashara. Hata matumizi ya nyumbani ni hesabu, mama anaacha shilingi ngapi mezani, zimeenda wapi, jioni zimebaki ngapi. Ndo petikeshi hiyo.

Kama una ndugu ni wakala wa pesa za simu umebahatika, hilo banda ni darasa. Tuseme kaanza asubuhi na mtaji wa milioni moja, floti 600,000 kwenye simu na keshi 400,000 kwenye droo. Mteja akaja kutoa 150,000. Keshi inashuka inabaki 250,000, floti inapanda inakuwa 750,000. Mwingine akaja kuweka 80,000, keshi inapanda mpaka 330,000, floti inashuka mpaka 670,000. Jumlisha, milioni moja palepale. Siku nzima pesa inahama upande tu, jumla haitakiwi kusogea, kamisheni inaandikwa peke yake. Jioni ukikuta floti ni 670,000 lakini droo ina 310,000 maana yake kuna elfu 20 imetembea na kazi yako ni kuitafuta kabla hujalala, pitia meseji moja moja, aliyeahidi "ntakuletea keshi badae", namba iliyokosewa, soda aliyochukua kaka mwenye banda bila kusema. Ukiweza kufanya hivi kwa wiki mbili mfululizo ukaandika, basi rikonsilieshen unaijua, hata kama hujawahi kuisikia, maana benki ni hivyohivyo, kashibuku yako huku, taarifa ya benki kule, unatafuta kwa nini hazifanani.

Kitu cha pili cha kujifunza ni riba, hasa ukilenga SACCOS. Watu wengi wanakopa maisha yao yote hawajui tofauti hii. Mkopo wa 1,200,000, miezi 12, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo siku zote, ni 18,000 kila mwezi, kwa mwaka 216,000. Kama inahesabiwa kwenye salio linalopungua na unarejesha laki moja moja ya mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 18,000, wa pili 16,500, wa tatu 15,000, inashuka hivyo mpaka wa mwisho 1,500, jumla 117,000. Asilimia ileile imeandikwa ukutani, tofauti ni 99,000. Kaa na kalamu uifanye kwa mkono, halafu ifanye kwenye Excel. Ukiweza kumwelezea hii mama yako jikoni akaelewa, utaweza kumwelezea na meneja.

Excel usiogope. Huna kompyuta? Nenda stationari au intaneti kafee lisaa kwa siku, au omba kwenye maabara ya kompyuta ya shule wakati wa likizo, hata simu inafungua Excel ingawa vidole vitakuuma. Jifunze kujumlisha kwa SUM, kupanga kwa tarehe, kuchuja, na SUMIF ya kujumlisha vya aina moja tu, basi. Usiende kujifunza vitu vya kutisha kabla hujaweza kuandika tarehe kwa mtindo mmoja karatasi nzima, hili linatutesa sana, mtu kaandika 3/4 hujui ni Machi au Aprili.

Cha tatu, jizoeze kusoma hesabu za watu wakubwa. Benki zote nchini zinatakiwa kuchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka, zinatoka kwenye magazeti na kwenye tovuti zao. Chukua ya NMB na ya CRDB za robo moja, ziweke meza moja, tafuta vitu vitatu tu, amana za wateja, mikopo waliyotoa, na mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kama ilivyopangwa, ni asilimia ngapi. Benki Kuu inapenda mikopo chechefu isizidi asilimia 5, kwa hiyo una pa kupimia. Hizo benki mbili zote zina hisa soko la Dar es Salaam, DSE, na DSE wanaendesha shindano la uwekezaji la wanafunzi, sekondari wamo, mnapewa mtaji wa kuchezea mnanunua na kuuza hisa bila pesa halisi. Likifunguliwa jiandikishe, ni bure kuota ukiwa unajifunza, na ni mstari mmoja mzuri kwenye CV ambayo vinginevyo ingekuwa na jina lako na shule ya msingi.

Bukikipingi na komasi kama hukusoma shuleni sio mwisho wa dunia. Yule binti wa Nkuhungu alisoma sayansi.

HATUA YA TATU: makaratasi

Hapa fupi. Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa wako, nenda na mzazi, mwenyekiti na mtendaji wanagonga muhuri. Kopi ya cheti cha kuzaliwa. Matokeo kama yametoka, kama bado basi barua au cheti cha kumaliza kutoka shuleni. Barua ya mzazi niliyoisema. Picha mbili za pasipoti. Na mtu mmoja mzima anayekubali kuandikwa kama mdhamini, mwalimu, mchungaji, shehe, jirani mwenye kazi inayojulikana, na umwambie kabisa maana atapigiwa simu, kuna mmoja tulimpigia mdhamini wake akatuuliza "huyo ni nani?" ikaishia hapo.

Weka vyote kwenye faili la plastiki. Dodoma upepo wake na vumbi unavijua, bahasha ya kaki mkononi inafika imekuwa nyekundu.

HATUA YA NNE: kwenda

Nikwambie nilivyokosea mimi. Nilipomaliza form six nilichapa barua 14 zinazofanana, nikazunguka nazo mjini siku mbili kwa mguu jua la Oktoba, kila ofisi naacha mapokezi nasema asante. Hakuna hata mmoja alinipigia. Wiki mbili baadaye nilirudi ofisi mojawapo kuulizia, dada wa mapokezi akanionyesha barua yangu mwenyewe, juu imeandikwa jina la ofisi nyingine kabisa, ya mtaa wa pili. Nilitamani ardhi ipasuke. Makosa yalikuwa mawili, barua ya jumla kwa watu wote, na kuiacha mapokezi kama kipeperushi cha mganga.

Afadhali ofisi sita unazozijua kuliko 14 usizozijua. Chukua karatasi, andika watu wote wa ukoo na mtaa ambao wanakutana na pesa za wengine, shangazi ni mwanachama wa SACCOS gani, nani anamfanyia ritani mwenye hadiwea pale kona, kanisani mtunza hazina ni nani, babu anapeleka zabibu AMCOS ipi. Huombi wakupe kazi, unaomba jina la mtu na siku anayopatikana, "shangazi, meneja wenu anaitwa nani na anakuwepo siku gani", hiyo tu. Ukifika ukasema shangazi yangu fulani ni mwanachama hapa, umeshavuka geti. Huo sio upendeleo, mtu anayekabidhi makaratasi ya hela kwa mgeni anataka kujua akipotea atamtafutia wapi.

Nenda saa nne asubuhi, wameshafungua wamekunywa chai. Vaa safi, sio suti, suti unaonekana umekuja kuuza bima. Msalimie kila mtu, mlinzi, dada wa usafi, mapokezi, "shikamoo" zako zisichague. Ukimpata mhusika usianze na historia ya maisha, sema hivi: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, nakaa Chang'ombe, nimemaliza form four, shangazi yangu ni mwanachama wenu. Naomba nije siku tatu kwa wiki, kwa wiki nne, niwasaidie kupanga vocha na kuingiza hesabu kwenye Excel huku najifunza. Nimekuja na daftari nililokuwa naandikia hesabu za genge la mama." Unanyamaza. Unalitoa. Unamwachia ashike mwenyewe.

Barua iwepo lakini inakuja baada ya hapo, kwa ajili ya faili lao. Iandike kwa Kiswahili kama ofisi inaongea Kiswahili, sijui nani aliwaambia watoto kwamba barua ya kuomba lazima iwe Kiingereza cha kubabaisha. Iwe hivi:

Meneja,
(jina la SACCOS yenyewe, liangalie mara mbili),
S.L.P. ...,
DODOMA.

YAH: OMBI LA KUJIFUNZA KAZI ZA UHASIBU KWA VITENDO KWA WIKI NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa miaka 17, mkazi wa Mtaa wa ..., nimehitimu kidato cha nne mwezi Novemba. Ninaomba nafasi ya kujifunza katika ofisi yako siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa wiki nne. Ninaweza kupanga vocha na risiti kwa tarehe, kuingiza hesabu kwenye Excel na kulinganisha salio la daftari na keshi iliyopo. Nitajigharamia nauli na chakula. Nimeambatanisha barua ya serikali ya mtaa, barua ya mzazi na kopi ya kurasa nne za daftari la hesabu nilizotunza kwa wiki sita. Mdhamini wangu ni mwalimu wangu wa ..., anapatikana kwa simu namba ...

Wako mtiifu,

Unaona haisemi "nina shauku kubwa" wala "taasisi yako yenye sifa tele". Inasema siku, wiki, kazi. Mtu akiambiwa wiki nne anakubali kirahisi kwa sababu anajua utaondoka, asipoambiwa mwisho anaogopa anachukua mtoto wa kulea.

Wakikwambia tutakupigia, uliza kwa adabu, "naweza kurudi Alhamisi kuulizia?" Rudi Alhamisi kweli. Ukishindwa, tuma meseji fupi ya WhatsApp mchana, sio voisi noti ya dakika tatu. Ukienda mara mbili hakuna jibu hamia ofisi inayofuata, bila kinyongo.

HATUA YA TANO: kabla hujasema ndio

Piga hesabu ya nauli. Ikiwa daladala kwenda na kurudi pamoja na chakula ni 4,000 kwa siku na unaenda siku 12, ni 48,000, je nyumbani ipo? Kama hakuna, tafuta ofisi unayofika kwa mguu, mtoto wa Ipagala asilazimishe ofisi ya Mtumba. Wengine baada ya wiki mbili wanakuona unajituma wanakuchangia nauli, ila usiipigie hesabu.

Na kuna sehemu za kukimbia. Anayekwambia lipia fomu ya intanshipu, tuma 15,000 kwa namba hii ikathibitishwe, huyo ni tapeli, hakuna mjadala, hata kama ana logo ya benki kwenye picha ya WhatsApp. Ofisi za mikopo ya kausha damu nazo kaa nazo mbali, wanakwambia uje ujifunze fedha kumbe wanataka kijana wa kwenda kugonga kwa watu saa kumi na mbili asubuhi na kubeba TV zao. Ofisi ya mikopo isiyopokea amana inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu, ile ya daraja la pili, na kwa kawaida wanaitundika ukutani. Ukuta ukiwa mtupu uliza. Na zile aplikesheni za mikopo, Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ndefu ya zisizo na leseni, usikubali "kazi" ya kupigia simu ndugu za wadaiwa wao.

HATUA YA SITA: ukiwa ndani

Wiki ya kwanza utapewa boksi. Kila ofisi ina boksi, la risiti zilizokunjwakunjwa za miezi, nyingine wino umefutika. Zipange kwa mwezi, halafu kwa tarehe, tenganisha za EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, na zisizo za EFD, zinazofifia piga kopi mapema kwa sababu ile karatasi ya mashine ikikaa kwenye joto la Dodoma inageuka nyeupe na mteja anakosa ushahidi wa manunuzi yake. Angalia TIN, namba ya mlipakodi, ya mnunuzi imeandikwa. Angalia VAT, kiwango cha kawaida asilimia 18, ukiona risiti ya 118,000 ujue bei ni 100,000 na kodi 18,000, wanafunzi wengi wanachukua asilimia 18 ya 118,000 wanapata 21,240 halafu wanashangaa. Gawanya kwa 1.18 kwanza.

Kazi inachosha, ndio. Ila baada ya boksi la pili utaanza kuona biashara ya mtu kama unaiangalia dirishani, mwezi gani ananunua sana, wapi anavuja. Ukiona kitu cha ajabu usikipigie kelele ofisini wala usimwambie mteja, andika pembeni, mwonyeshe anayekusimamia faragha, "kaka hii nimeielewa vibaya au?" Mara tisa kati ya kumi umeielewa vibaya. Ile ya kumi watakukumbuka nayo.

Keshi usiguse peke yako. Ukitumwa benki omba karatasi yenye kiasi imesainiwa, mhesabu pamoja kabla hujatoka. Pasiwedi ya mtu usiikubali hata kama amekuamini, siku mfumo ukionyesha kitu kimefanyika saa saba mchana na yeye alikuwa kwenye chakula, ataulizwa nani alikuwa anaijua. Na taarifa za wateja zisitoke, sio kwa kupiga picha, sio kwa stetasi ya "leo kazini" wakati nyuma yako kioo kinaonyesha salio la mtu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na haiangalii kama wewe ni wa kujitolea. Tulishamrudisha kijana mmoja nyumbani siku ya tatu kwa selfi tu.

Kila siku jioni andika mistari miwili kwenye daftari, nimefanya nini, nimejifunza nini, nani kanifundisha. Utalihitaji ukiomba chuo, kile cha biashara CBE au kwingine, na ukija kuulizwa kwenye usaili wa kazi miaka mitano mbele. Na waulize wale wenye CPA safari yao ilikuwaje, NBAA, bodi ya wahasibu, wana ngazi ya mafundi sanifu wa uhasibu kabla hujafika kwenye CPA yenyewe, wengi wenu hamjui kama ipo mnadhani lazima digrii kwanza.

SIKU YA MWISHO

Usipotee kimyakimya kama wengi wanavyofanya shule ikifunguliwa. Wiki moja kabla mwambie msimamizi tarehe yako, kabidhi mafaili kwa orodha, lipi limefika mwezi gani, lipi lina risiti zinazokosekana. Kisha omba barua ya uthibitisho. Wape na rasimu kabisa, jina lako kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi tatu ulizofanya, kwa sababu ukiwaachia waandike wenyewe itatoka mwezi wa nne. Iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi, sahihi na muhuri. Isome hapohapo kabla hujashuka ngazi, kama muhuri haupo rudi nayo dakika hiyohiyo, maana ukisema utaifuata kesho utakuta aliyeshika muhuri kaenda Kondoa msibani na ofisi wameifunga mpaka Jumatatu.